Mume wangu alipooza, na mavyaa anasema ni mimi niliyetia sahihi ya sindano ya mgongo

SWALI

Assalamu alaykum Bi Mkubwa,

Mimi ni mke wa mtu, niko Lamu. Mtaa nauficha kwa kuwa mji wetu ni mdogo na kila mtu anamjua mwenziwe. Mume wangu ni fundi wa milango ya kuchonga, umri wake miaka 36. Hakuwa mtu wa maradhi. Alichokuwa nacho ni sikio la kushoto tu, tangu udogoni, likitoa usaha kila akishikwa na mafua au akienda kuogelea. Tukitia matone, likikauka tunasahau.

Baada ya Idi alishikwa na homa na kichwa. Tukadhani ni malaria, akapimwa, hana. Usiku uliofuata akaanza kuweweseka, shingo ikawa ngumu, kidevu hakifiki kifuani, na taa hataki kuiona. Hospitali ya hapa walimdunga dawa ya kwanza pale pale, wakatuambia apelekwe hospitali kubwa bila kukawia. Tulimshusha gatini juu ya godoro, tukavuka naye hadi Mokowe, na kutoka hapo ambulensi ikamchukua.

Huko tulikofika (jina silitaji) daktari mmoja kijana aliniambia wanashuku homa ya uti wa mgongo, wanataka kuchukua maji ya mgongo wakapime. Wakati huo mume wangu hajitambui, ila alikuwa akishika tumbo la chini na kuguna. Nesi akampapasa, akasema kibofu kimejaa, akamtia mpira, mfuko ukajaa. Baadaye daktari akarudi na karatasi. Mavyaa na mwamu wangu walikuwa bado njiani. Nikatia sahihi mimi. Maji yalitoka yana ukungu, na majibu yakaja kwamba ni bakteria anayeitwa pneumokoka. Akawekwa kwenye dripu na sindano wiki mbili.

Homa ikashuka, akili ikamrudia. Siku alipozinduka sawasawa alinitazama akaniuliza, "Mbona mmenifunga miguu?" Hakuna aliyemfunga. Kuanzia kitovuni kwenda chini hasikii kitu, na miguu haisogei. Walimpiga picha ya kichwa wakasema kichwa hakina neno. Baadaye tukaruhusiwa na mpira wa mkojo na maneno mawili: mkafanye mazoezi.

Sasa nyumbani hapakaliki. Mavyaa anamwambia kila anayekuja kumtazama mgonjwa: "Mwanangu aliingia hospitali na miguu yake, huyu akatia kidole kwenye karatasi, wakamdunga mgongo." Hakuingia na miguu yake, Bi Mkubwa, alibebwa. Lakini nani atanisikiza? Mwamu amesikia habari za tabibu mmoja bara anayekanda kwa mafuta ya moto na mawe ya moto ili "kuzindua mishipa". Kabla hawajampeleka wameanza wenyewe, maji ya moto na mafuta ya simsim asubuhi na jioni. Juzi nikimgeuza nimeona alama kisiginoni na nyingine juu kidogo ya makalio.

Usiku miguu inarukaruka yenyewe. Mavyaa anasema mishipa inaamka, jirani anasema ni shetani. Mwenyewe hazungumzi. Mpira anautaka utoke, ameshajaribu kuuvuta. Hasali, anasema yeye ni najisi. Watoto wetu wawili wamepelekwa kwa wifi kwa hofu ya kuambukizwa. Na kuna jambo jingine la mke na mume ambalo daktari alikuwa mwanamume na nikashindwa kumuuliza, unalifahamu.

Nataka kujua kama ni mimi.

Mke wa fundi, Lamu


JIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu. Pole kwa maradhi ya mume, na pole zaidi kwa maneno ya nyumbani, maana hayo hayana dripu.

Si wewe. Na sikwambii hivi kukutuliza.

Nimeisoma barua yako na kila nikirudi nakwama kwenye jambo moja uliloliandika kwa kupita tu: nesi alimpapasa tumbo akakuta kibofu kimejaa, akamtia mpira, na baadaye ndipo daktari akarudi na karatasi ya sindano. Tazama lipi lilitangulia. Kijana wa miaka 36 amejaa mkojo hadi anaguna, na hawezi kuutoa. Mgonjwa mahututi anaweza kuziba mkojo kwa sababu zaidi ya moja, hilo nalikubali. Lakini ukizibika, kisha akizinduka miguu ikawa imelala, basi kwa muuguzi yeyote aliyekaa wodini ile ilikuwa dalili ya kwanza kwamba mgongo umeshaguswa. Miguu hakuna aliyeiangalia, kwa sababu mtu hajitambui na kila mmoja anahangaika na kichwa. Ugonjwa ulikuwa umeshafika mgongoni kabla ya kalamu yako kufika kwenye karatasi.

Ushahidi wa pili uko kwenye mwili wake mwenyewe. Ndani ya pingili za mgongo unapita ugwe mgongo, mkanda wa neva unaoshuka kutoka kwenye ubongo. Kwa mtu mzima mkanda huo haufiki chini kabisa, unakomea kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Daktari anayetaka maji ya mgongo hupapasa ncha za juu za mifupa ya nyonga, akapima usawa wake mgongoni, kisha akadunga hapo hapo au nafasi moja juu yake: kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiuno, au ya nne na ya tano. Pale ugwe umeshakwisha. Zilizobaki ni nyuzi za neva zinazoelea majini, na sindano ikiingia nyuzi hizo huipisha kama mwani unavyopisha mkono.

Sasa, ganzi ya mumeo inaanzia kitovuni. Ngozi ya kitovu hupata hisia zake kutoka neva ya kumi ya kifua, na sehemu ya ugwe inakotoka neva hiyo iko juu sana ya mahali palipodungwa. Sindano ya kiunoni, hata ikichomwa vibaya ikajeruhi zile nyuzi, ingeumiza mguu, makalio, pengine mkojo na choo. Tumbo isingeligusa. Mwenye kubisha nyumbani mwambie aweke kidole mgongoni mwa mgonjwa, chini kidogo ya ncha za chini za mifupa ya mabega, ndipo ilipo sehemu hiyo ya ugwe, na kidole kingine kwenye alama ya sindano, aone umbali uliopo.

Sindano ile haina usafi wa malaika. Kichwa kinaweza kuuma siku kadhaa baada yake, kiuno kikauma, na mara chache sana damu hujikusanya ndani ikabana neva, hasa kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hilo nalo huonekana kwenye picha ya mgongo, na picha hiyo ndiyo hamjaipata mpaka leo. Nitaifikia.

Kilichotokea, kwa maelezo yako, ni hivi. Pneumokoka ni bakteria anayekaa puani na kooni mwa watu wengi bila kuwadhuru. Akipata sikio lenye usaha wa miaka anaweza kupenya mfupa akaingia kwenye maji yanayouzunguka ubongo. Maji hayo ndiyo hayo hayo yanayoshuka kuuzunguka ugwe mpaka kiunoni, hakuna ukuta kati yake, ndiyo maana maji yaliyochukuliwa kiunoni yaliweza kusema kilichokuwa kichwani. Kwa kawaida madhara ya homa hii kwa watu wazima hubaki juu: uziwi, degedege, kiharusi. Kuharibika kwa ugwe ni nadra, nadra kiasi kwamba madaktari huandika habari zake katika majarida yao mgonjwa mmoja mmoja. Daktari anaweza kufanya kazi wodini miaka mingi asimwone hata mmoja, kwa hiyo sishangai yule kijana hakukueleza. Namlaumu kwa jambo jingine, kwamba mliruhusiwa bila mtu kukaa na nyinyi akawafundisha kumwuguza.

Njia zenyewe ni kadhaa. Mishipa midogo ya damu inayoulisha ugwe huvimba kwa ule uchafu ikaziba, na kipande cha ugwe kikafa kwa kukosa damu, yaani kiharusi kilekile ila kimeshukia mgongoni. Au ugwe wenyewe unavimba. Au usaha unajikusanya pembeni ukaubana, na huu ni dharura ya upasuaji. Na ipo inayokuja pole pole, miezi au hata miaka baadaye, tando zinaposhikana kwa makovu na maji yakajitengenezea uwazi ndani ya ugwe. Huwezi kuzitenganisha kwa kumtazama mtu kitandani.

Kwa hiyo: MRI ya mgongo mzima, yaani picha ya mashine ya sumaku. Picha ya kichwa mliyopigwa haiuoni ugwe wa kifuani hata kidogo. Mombasa MRI ipo, na rufaa mnaweza kuiomba hapo hapo Lamu, hospitali ya King Fahd. Ulizeni kabla hamjasafiri SHA, ile bima ya afya ya serikali, italipa kiasi gani na kiasi gani kitatoka mfukoni, na hakikisheni mchango umelipwa, ndugu waanze kuchanga mapema. Chukueni barua ya kuruhusiwa na majibu ya maji ya mgongo. Hizo ni haki yenu, hospitali haikufanyii hisani kukupa. Daktari atakayemwona atataka pia kuondoa mashaka ya maradhi mengine yanayolaza miguu huku kwetu: kifua kikuu cha mgongo, VVU, na kichocho, ambacho watu hukisahau. Kama mumeo amewahi kuoga au kufanya kazi kwenye maji ya mto Tana au mabwawa ya kule, amwambie daktari bila kungoja kuulizwa. Mayai ya kichocho hupotea njia yakaishia mgongoni, na dawa yake ipo.

Wiki hii, si mwezi ujao. Na msingoje hata wiki ikiwa homa inarudi, mgongo unaanza kumwuma sana mahali pamoja, ganzi inapanda juu ya kitovu, mikono inalegea, mguu mmoja unavimba kuliko mwenziwe, au anapumua kwa shida. Hapo ni kivuko cha kwanza kinachopatikana, usiku au mchana.

Na huko kuvuka, msimburure. Nimeona watu wanavyomshusha mgonjwa chomboni: wawili wamemshika makwapani, makalio yanakwaruza ubao wa ukingo. Mtu asiyesikia hatalia. Jioni unamvua nguo unakuta ngozi imetoka. Abebwe juu ya ubao au machela, na chini awekewe godoro nzuri hata kama safari ni fupi.

Nije kwenye maji ya moto, maana hili ndilo linalonitisha kuliko yote uliyoandika. Simamisheni leo. Ngozi isiyosikia huungua kwa maji ambayo wewe ungeyaoga, na mgonjwa hatajua mpaka malengelenge yatoke. Mawe ya moto ndiyo kabisa. Kuumikwa au kuchanjwa chale kwenye sehemu iliyokufa ganzi, hapana. Dua na visomo haviumizi mtu, na kumpaka mafuta ya simsim yasiyo moto kwa mkono mwepesi hakuna ubaya, mama ampake mwanawe. Nakuachia njia hiyo kusudi, usiende kumpokonya mavyaa kila kitu kwa mpigo. Dawa za kuchemsha za kunywa nazikataa kwa ajili ya figo, ambazo kwa sasa zina kazi ya kutosha.

Zile alama mbili ulizoziona, bonyeza kwa kidole uachie. Rangi isipobadilika kabisa, nyama ya chini imeshaanza kuumia ingawa juu hapajapasuka. Kwa ngozi nyeusi wekundu haujitokezi, kwa hiyo tumia mkono: pakiwa pa moto, pagumu, au peusi kuliko jirani yake, hesabu ni kidonda. Sehemu hiyo isilaliwe tena hata dakika. Mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ubavu huu, ubavu ule, na mgongo mara chache. Usiku gawaneni zamu, mwamu naye aweke kengele ya simu, kama ana nguvu za kwenda bara kwa tabibu ana nguvu za kuamka saa nane. Chini ya miundi weka mto ili visigino vielee, visiguse kitu. Kama analala kitanda cha kamba, tandika godoro nene, kamba huchora ngozi. Msimkalishe juu ya kitambaa kilichoviringwa pete, watu hudhani kinasaidia, kumbe kinabana damu pande zote. Akiweza kukaa, ajiinue kwa mikono kila robo saa au nusu saa, na mikono anayo. Kidonda cha kulalia kikioza kinaingia hadi mfupani, na kimeua watu ambao ugonjwa wenyewe haukuwaua.

Mpira sasa. Ndani ya kibofu una puto lililojazwa maji, ndilo linaloushikilia. Akiuvuta kwa nguvu, puto hilo litapita kwenye njia ya mkojo likiichana, na kovu la hapo litamsumbua maisha. Mwambie hivyo hivyo, bila kupamba, ni mtu mzima. Ukiutoa tu bila mpango, kibofu kitajaa, mkojo utarudi kwenye figo. Lakini yuko sahihi kutoutaka moja kwa moja, na njia nyingine ipo: mpira mwembamba unaoingizwa safi, mkojo ukatoka, ukatolewa, kila baada ya saa nne hadi sita, kibofu kisizidi kama nusu lita. Mgonjwa mwenye mikono mizima hujifunza kufanya mwenyewe, na huyu ni mtu anayeingiza patasi kwenye mninga bila kukosea mstari. Muombe muuguzi wa King Fahd awafundishe nyote wawili. Mpaka hapo, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usilale sakafuni, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kuugusa, anywe maji ya kutosha, na ulizeni tarehe ya kubadilisha maana mipira haifanani, mingine mwezi, mingine hadi miezi mitatu.

Kuhusu sala, mimi ni muuguzi si mwanachuoni, lakini mtu ambaye mkojo haumzuiliki ana hukumu yake katika fikihi na imeandikwa tangu zamani, hajaachwa nje ya mlango. Mwite imamu wa msikiti wake aje akae naye nyumbani, wazungumze wanaume wawili. Ninashuku kinachomsibu si udhu peke yake. Mtu asiyezungumza, aliyeacha kusali, anayevuta mpira: huyo ana huzuni nzito, na huzuni nayo ni maradhi ya kumwambia daktari. Akitamka kwamba heri afe, msimwache peke yake, na daktari aambiwe siku hiyo hiyo.

Choo: kila siku wakati mmoja, nusu saa baada ya kula, awe ameketi ikiwezekana, chakula kiwe na mboga na matunda. Isipite siku tatu bila kitu.

Miguu kurukaruka si shetani, na kusema kweli si mishipa inayoamka pia. Mwanzo ugwe ukiumia, miguu hulegea kabisa. Baada ya wiki kadhaa sehemu ya ugwe iliyo chini ya jeraha huanza kufanya kazi bila amri kutoka juu, ndipo misuli inakaza na kuruka. Ikizidi ghafla, tafuta sababu: kidonda, mkojo wenye maambukizi, choo kilichokwama. Daktari ana dawa za kuilegeza. Dalili unayotakiwa kuitafuta ni nyingine. Mwambie ajaribu kusogeza kidole gumba cha mguu, mtazame, kisogee kwa kuambiwa. Ajaribu kubana njia ya haja kubwa. Gusa kwa pamba karibu na hapo aseme kama anasikia, macho yakiwa yamefumbwa. Chochote kati ya hivyo kikiwepo, hata kidogo, mlango uko wazi. Kwa majeraha ya ugwe sehemu kubwa ya nafuu huonekana ndani ya miezi sita ya kwanza, kisha huendelea pole pole hata mwaka wa pili. Katika waliopata madhara haya kwa homa hii wapo waliotembea tena, na wapo wengi waliobaki na upungufu. Vyovyote itakavyokuwa, viungo vinyooshwe kila siku, hasa vifundo vya miguu, kidole kielekee juu. Wayo ukikakamaa umeinama chini, hata nguvu zikirudi hatasimama.

Lile ulilolificha: mficha uchi hazai, umefanya vyema kuligusa. Wanaume wengi walioumia kiwango hiki bado husimamisha, ama kwa kuguswa ama kwa msaada wa vidonge ambavyo daktari huviandika, ingawa hisia hubadilika na mbegu huenda zisitoke kwa njia ya kawaida. Mtoto mwingine hajawa muhali, kuna wataalamu wa hilo. Kwa sasa kidonda na mkojo vitangulie. Ila msihame kitanda. Kulala karibu na mtu wake hakuhitaji dawa, na yeye anaangalia kama umehama.

Watoto warudi nyumbani. Familia nzima hupewa dawa ya kinga inapokuwa ni meningokoka, ambaye ni bakteria mwingine. Kwa pneumokoka hakuna haja hiyo, na baba yao alishapata sindano wiki mbili. Tazama kadi zao za kliniki. Kenya ilianza kuchanja watoto wachanga dhidi ya pneumokoka mwaka 2011, sindano tatu, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa hiyo wako huenda wanazo. Baba yao alizaliwa kabla ya chanjo hiyo. Muulize daktari kama naye achanjwe sasa, maana aliyepata homa hii mara moja kwa sababu ya sikio anaweza kuipata tena.

Nyumba zenu najua, watu hukaa juu na ngazi ni kali. Mshusheni chumba cha chini, karibu na daka, apate upepo na wapita njia wamsalimu. Msajilini Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Tathmini hufanywa hospitali ya kaunti, na kadi hiyo hufungua njia ya kiti cha magurudumu na misaada mingine. Msinunue kiti cha kwanza mnachoonyeshwa. Pimeni kwanza upana wa mlango wenu na wa kichochoro, kuna viti huko mjini ambavyo vikikutana na punda lazima mmoja arudi nyuma. Nairobi iko hospitali ya taifa ya rufaa kwa walioumia uti wa mgongo, ambako hufundishwa kuanzia kujipandisha kitandani hadi kuendesha kiti. Mwombe daktari wa Mombasa awaandikie.

Mavyaa. Usibishane naye mbele ya wageni, na barua hii usimsomee kwa sauti ya ushindi. Siku ya kwenda Mombasa mchukueni, akae kiti cha mbele mbele ya daktari, picha ikiwa imewashwa ukutani, amuulize mwenyewe sindano ilidungwa wapi na jeraha liko wapi. Mama aliyeuguliwa na mwana hatakiwi kuamini kwa sababu mkwe wake amesema. Mwamu naye aje abebe.

Na mkiwa huko huko, msirudi bila kupita kwa daktari wa masikio. Amtazame lile la kushoto, apime usikivu wa yote mawili, aseme kama mfupa wa nyuma ya sikio unataka kusafishwa kwa upasuaji. Mpaka atakapowaambia vinginevyo, sikio hilo lisiingie maji, na yale matone ya dukani myaweke kando.